Kuvuka Alpi kwa gari mwezi wa Oktoba: breki, theluji, na hoteli ambazo hamjalipia

"Tumepanga safari ya siku nane kwa gari katikati ya Oktoba. Tunakodi gari Munich, tunapita barabara ya Grossglockner, tunaingia Italia na kupanda Stelvio, kisha Uswisi tunavuka Furka na Grimsel ndipo turudi Munich. Tuko wanne, watoto wana miaka 9 na 4. Gari ni dogo la familia, la otomatiki. Hoteli nimeshazichagua, bado kulipia. Naogopa mambo mawili: breki, maana nimesikia hushika moto kwenye miteremko ile, na theluji, maana hakuna kati yetu aliyewahi kuendesha kwenye theluji. Mume wangu anasema Oktoba bado ni mapema, na minyororo ya tairi itatutosha likitokea la kutokea. Simu inaonyesha saa tatu au nne tu za kuendesha kila siku. Je, mpango huu unawezekana? Ninunue nini?"

Ndugu yangu, safari yenu inawezekana, lakini si kwa mpangilio huo. Hofu ya breki imo mikononi mwenu kabisa: mkijua joto linatoka wapi na gea inafanya kazi gani, mtateremka Stelvio bila hata kunusa harufu ya breki. Theluji haimo mikononi mwa mtu, kwa hiyo dawa yake ni kuwa na njia ya pili iliyo tayari kwa kila pito, yaani kila mahali barabara inapovukia juu ya mlima. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni jambo ambalo hukuliuliza, nalo ni hoteli. Ukilipia vyumba ambavyo hamwezi kuvifikia jioni ila kwa kuvuka pito fulani siku ile ile, mtajikuta mnapanda kwenye theluji kwa sababu ya pesa iliyokwisha kutoka. Usilipie bado; mwishoni nitakupa mpangilio mwingine.

Mumeo amepatia kwa sehemu. Mabondeni, katikati ya Oktoba bado ni mapema, na siku nyingi ni za jua na majani ya rangi ya dhahabu. Ila mlimani kalenda haisemi mengi kama unavyosema urefu kutoka usawa wa bahari. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 mnazopanda. Kijiji cha Prato, mahali kupanda Stelvio kunakoanzia upande wa kaskazini, kiko kwenye mita 900 na ushei. Pito lenyewe liko mita 2,757. Mkiondoka Prato asubuhi ya nyuzi 12, mmevaa sweta tu, kileleni mtakuta sifuri. Mvua iliyowanyeshea hotelini huko juu ni theluji. Pito la Hochtor kwenye barabara ya Grossglockner lina mita 2,504, Furka 2,429, na Grimsel 2,164. Yote manne yamo katika ukanda ambao theluji ya kwanza hushuka mnamo Septemba au Oktoba, ikayeyuka, ikashuka tena.

Ndiyo maana hakuna tarehe maalumu ya kufungwa. Stelvio, Furka na Grimsel hufungwa kwa majira yote ya baridi mara theluji inapokaa, kwa kawaida kati ya nusu ya pili ya Oktoba na Novemba, na hufunguliwa tena mwishoni mwa Mei au Juni. Kabla ya kufungwa huko kwa mwisho, kuna kufungwa kwa muda: theluji inashuka usiku, kizuizi kinashushwa chini ya mlima, magari ya kusukuma theluji yanapita, na barabara inafunguliwa tena baada ya siku moja au mbili. Hali hii ndiyo mnayoweza kuikuta kwa tarehe zenu. Haiharibu safari ya mtu mwenye nafasi ya kungoja kesho. Humuumiza yule asiyekuwa nayo.

Kila jioni angalieni utabiri wa kesho, na mtafute humo namba moja ambayo wasafiri wengi huiruka: urefu ambapo joto ni sifuri. Huduma za hali ya hewa za nchi za Alpi huitoa kwa mita. Theluji kwa kawaida hushuka hadi kama mita 300 chini ya mstari huo, na mvua ikiwa kubwa ndani ya bonde jembamba hushuka zaidi. Ikiwa mstari uko mita 3,400 na hakuna mvua, pandeni kwa amani. Ukiwa mita 2,600 na mvua inatarajiwa, Stelvio iacheni, hata kama kizuizi bado kiko juu. Tena, someni utabiri wa pande zote mbili za mlima. Upepo wa kusini unapobeba unyevu kutoka bahari ya Mediterania, upande wa Italia hupata mvua na theluji nyingi, huku upande wa kaskazini kukiwa na upepo mkavu wa joto na mbingu safi. Mtu aliyelala kaskazini akachungulia dirishani huamini kote kuko hivyo.

Barafu ya usiku hutegea watu wengi zaidi kuliko theluji inayoanguka, kwa sababu haionekani. Mchana jua huyeyusha theluji iliyo kando ya barabara, maji yanatambaa juu ya lami, na jua likizama yanaganda. Usiku wa mbingu safi lami hupoteza joto kwa haraka kuliko hewa, hivyo kipimajoto cha gari kinaweza kuonyesha nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri huku barabara imeshaganda. Anzeni kuishuku lami mara namba ikifika 4. Sehemu zenye hatari ni madaraja, midomo ya mapango ya barabara (njia zilizochimbwa kupita ndani ya mlima), na kona zilizo upande wa kaskazini ambazo jua la Oktoba haliziingii mchana kutwa. Jua lenyewe liko chini, na ukitoka kivulini linakupiga machoni ghafla. Kioo chenye uchafu hugeuka kuwa ukuta mweupe.

Kwa hiyo vukeni vilele kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Katikati ya Oktoba jua huchomoza huko karibu saa 1 na nusu asubuhi na kuzama karibu saa 12 na nusu jioni, na bonde lenye milima mirefu huingia kivulini mapema zaidi. Hapo ndipo hesabu ya simu inapowadanganya. Toka Prato hadi Bormio kupitia Stelvio ni kama kilomita 46, na upande wa Prato peke yake una kona 48 za kugeuka kabisa, kila moja ikiwa na namba yake kwenye jiwe. Mwendo halisi kwenye barabara kama hiyo ni kilomita 25 hadi 35 kwa saa, yaani saa moja na nusu bila kusimama. Ongeza baiskeli, basi mnalopishana nalo, mtoto anayetaka kutapika, picha, na kundi la ng'ombe lililochelewa kushushwa kutoka malishoni. Chukua muda wa simu, uongeze nusu yake kwa kila kipande chenye pito.

Sasa tairi, maana hapa mumeo amekosea jambo la maana. Minyororo si mbadala wa tairi za baridi. Inafanya kazi pale tu barabara ilipofunikwa na theluji yote, kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Oktoba mtakutana na vipande: mita 200 za theluji laini iliyochanganyika na maji, kilomita moja ya lami tupu, kisha kona yenye barafu. Hakuna anayefunga na kufungua minyororo mara sita kwenye mlima mmoja, na ukiiendesha juu ya lami tupu inakatika na kupiga mwili wa gari. Tairi ya baridi inakushikia barabara muda wote. Mpira wa tairi ya kiangazi huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na kashata zake (meno ya mpira yanayogusa barabara) hazina mikato midogo ya kung'ata theluji. Kwenye mteremko wenye theluji nyembamba gari linateleza kama sabuni hata kama tairi ni mpya.

Tazama ubavuni mwa tairi: itafute alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake hazitoshi. Ujerumani, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, haizitambui tena kama tairi za baridi. Tairi za misimu yote zenye alama ya mlima zinakubalika kisheria na zinatosha kwa safari yenu. Kashata ziwe na kina cha angalau milimita 4, ambacho pia ndicho kiwango Austria inachodai kwa tairi za baridi. Msidanganyike na tarehe za kisheria. Austria inadai tairi za baridi kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili barabara zikiwa na hali ya baridi, na Italia kwa kawaida huanza 15 Novemba. Safari yenu iko kabla ya tarehe hizo, na hapo ndipo kampuni ya kukodisha inaweza kuwapa gari lenye tairi za kiangazi bila kuvunja sheria. Andika ombi la tairi za baridi sasa, upate jibu la maandishi, na siku ya kuchukua gari inama uzitazame tairi zote nne kabla ya kusaini.

Minyororo ibebeni kama nyongeza, kwa masharti matatu. Iwe ya kipimo kilichoandikwa kwenye tairi (kwa mfano 205/55 R16). Kitabu cha gari na mkataba viruhusu, kwa sababu baadhi ya magari yenye rimu kubwa hayana nafasi ya minyororo nyuma ya gurudumu. Na muwe mmeifunga mara moja kwa mazoezi mahali pakavu, mchana. Hufungwa kwenye magurudumu yanayosukumwa na injini, ambayo kwa magari mengi madogo ni ya mbele. Ifungeni mapema, mahali tambarare, kabla gari halijakwama; kisha songeni mita 50 na mkaze tena. Ila nitakwambia wazi: kwa familia ambayo haijawahi kuendesha kwenye theluji, siku inayohitaji minyororo ni siku ya kubaki bondeni.

Tuje kwenye breki. Gari lenu likiwa na watu wanne na mizigo litakuwa na uzito wa kama kilo 1,700. Kulishusha toka kilele cha Stelvio hadi Prato, zaidi ya mita 1,800 kwenda chini, kunatoa nishati inayoweza kuchemsha karibu lita 90 za maji yaliyokuwa na joto la chumbani. Sehemu yake humezwa na hewa na mzunguko wa tairi. Inayobaki lazima iende mahali pawili tu: kwenye injini au kwenye diski za breki. Mkiachia gari kwenye D na kukanyaga breki kidogo kidogo mfululizo, yote inaingia kwenye vipande vinne vya chuma vya ukubwa wa sahani.

Kinachotokea hapo kina hatua mbili, na zina dalili tofauti. Kwanza pedi za breki zikipita joto zilizoundiwa hutoa gesi na kupoteza mshiko: unakanyaga kwa nguvu, pedali ni ngumu, gari halipungui, na harufu kali ya kuungua inaingia ndani. Hatua ya pili ni mbaya zaidi. Joto linahamia kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyozeeka: aina ya DOT 4 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake cha chini ni nyuzi 155. Yakichemka hutengeneza mapovu ya mvuke, na mvuke hubanwa. Mguu wako unabana povu badala ya kusukuma pedi, na pedali inazama hadi sakafuni. Ndiyo sababu mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka miwili. Kwa gari la kukodi nenda ukatazame kitabu cha huduma, na ukiona gari ni la zamani au pedali ina ulaini wowote, omba jingine.

Kinga yake ni gea. Teremka kwa gea ile ile ambayo ingehitajika kupanda mahali hapo. Kwenye otomatiki, sukuma rungu la gea upande wa M, au tumia vitufe vya usukani, au L kama ipo, uchague gea ya 2 au ya 3 kabla mteremko haujaanza. Injini italia kwa mizunguko 3,000 hadi 4,000 kwa dakika. Watu wengi huogopa mlio huo wakadhani wanaiua injini au wanamaliza mafuta. Kinyume chake, ukiwa kwenye gea na mguu umeinuka, injini ya kisasa hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Wanaoweka N ili kubana matumizi wanatumia mafuta zaidi, na wanaziachia breki kazi yote.

Injini ikishikilia mwendo, breki inabaki kwa ajili ya kona. Kabla ya kona kanyaga kwa uthabiti, shusha mwendo toka 45 hadi 20 kwa sekunde chache, kisha toa mguu kabisa. Kati ya kona na kona diski hupigwa na hewa na kupoa. Kukanyaga kwa nguvu na kwa muda mfupi hutoa joto lile lile kwa jumla, lakini huacha nafasi ya kupoa, na hewa hufika kati ya pedi na diski. Kila baada ya kilomita 8 au 10 simameni dakika kumi penye nafasi ya kuegesha, hata kama hakuna harufu. Msimwagie maji gurudumu lenye moto, diski itajikunja. Na mkisimama na breki za moto sana, tumieni P na kuzuia gurudumu kwa jiwe, badala ya hendibreki iliyokazwa.

Gari likiwa la mseto au la umeme, weka B au kiwango cha juu cha kurudisha umeme. Angalizo moja tu: betri iliyojaa haina pa kuweka umeme, na breki hiyo ya bure hupotea. Usijaze betri hotelini juu ya mlima ukaanza kuteremka ikiwa na asilimia 100.

Pedali ikilainika njiani, pampu kwa haraka mara kadhaa, shusha gea hadi ya 1 hatua kwa hatua, kaza hendibreki taratibu (ya kitufe huvutwa na kushikiliwa), na ulisogeze gari upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde. Baada ya hapo msiendelee kwa sababu tu pedali imerudi baada ya nusu saa. Mafuta yaliyochemka mara moja yatachemka tena mapema zaidi. Piga simu kampuni ya gari, mletewe fundi. Namba ya dharura 112 inafanya kazi nchi zote za njia yenu.

Kupanda kuna taabu zake ndogo. Hewa ya mita 2,757 ina kama asilimia 72 tu ya mgandamizo wa pwani, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban robo ya nguvu zake huko. Usijaribu kulipita basi kwenye kipande kifupi kilichonyooka. Kwenye kona, inua macho utazame barabara iliyo juu yako kabla ya kuingia, maana magari marefu huchukua upana wote. Mnapokutana mahali pembamba, anayepanda hupewa nafasi na anayeteremka ndiye husimama au kurudi nyuma, isipokuwa nafasi ya kupishana iko karibu na anayepanda. Uswisi, kwenye barabara zenye kibao cha buluu chenye picha ya baragumu ya njano, basi la posta lina haki ya kwanza na dereva wake ana mamlaka ya kukuelekeza usimame au urudi wapi. Mtii, anaijua barabara ile kwa sentimita.

Kuhusu watoto, usihofu sana. Ugonjwa wa mwinuko huanza baada ya saa kadhaa juu ya mita 2,500, kwa kawaida saa 6 hadi 12, na nyinyi mtakaa huko saa moja au mbili kisha mlale chini ya mita 1,850. Taabu halisi ni masikio wakati wa kushuka. Mwamshe wa miaka 4 kabla ya mteremko, anywe maji kwa mrija au atafune, kwa sababu mtoto aliyelala hamezi mate mara kwa mara. Akiwa na mafua makali au maumivu ya sikio, ahirisheni. Kichefuchefu hupungua akiangalia mbele badala ya simu, akiwa na tumbo lenye chakula kidogo. Ikiwa yeyote kati yenu ana ugonjwa wa moyo, mapafu au selimundu, au una ujauzito, muone daktari kabla ya kulipia chochote. Maumivu ya kichwa yenye kutapika huko juu hutibiwa kwa kushuka mara moja, wala hayasubiriwi.

Sasa mpangilio. Siku nane kwa mapito mnayoyataka ni chache, na ushauri wangu ni kuiacha Grossglockner safari hii. Ni barabara nzuri, ya mwaka 1935, yenye kilomita 48 na kona 36, lakini iko mashariki, inawachosha watoto siku nzima, na kutoka hapo hadi Stelvio ni siku nyingine ya barabara. Kama moyo hautaki kuiacha, fahamuni kwamba ni ya kulipia, hufungwa usiku, saa zake hupunguzwa vuli, na njia yake ya akiba ni pango la Felbertauern, lililo wazi mwaka mzima.

Siku ya kwanza tokeni Munich kupitia Fernpass na Landeck, vukeni Reschen, mita 1,507 tu na wazi mwaka mzima, mlale bonde la Venosta, kilipo kijiji cha Prato, usiku mbili. Siku ya pili na ya tatu zote ni nafasi zenu za Stelvio. Ikiwa siku ya pili ni nzuri, pandeni bila mizigo na mrudi kwa njia ile ile. Ikiwa siku ya tatu ndiyo nzuri, vukeni mpaka Bormio, mshuke Tirano na kupanda Bernina (mita 2,328, husafishwa majira yote) kuingia bonde la Engadin huko Uswisi. Ikiwa zote mbaya, au Stelvio mmeshaipanda siku ya pili, siku ya tatu geukeni Glurns mpite Ofenpass, mita 2,149, mtafika Engadin ile ile jioni ile ile. Simu ikiwatajia Umbrail, msidhani ni njia ya akiba: ina mita 2,501, inaungana na barabara ya Stelvio karibu na kilele, na hufungwa kwa theluji ile ile.

Laleni Engadin usiku mbili. Siku ya tano vukeni Julier, mita 2,284, iliyo wazi mwaka mzima, kisha Oberalp, mita 2,044, mfike Andermatt. Oberalp ikifungwa, zungukeni kaskazini kwa barabara kuu kupitia Chur hadi Göschenen. Toka hapo kupanda Andermatt ni barabara fupi inayosafishwa daima. Laleni Andermatt usiku tatu. Siku ya sita au ya saba, ile yenye mbingu safi, fanyeni mzunguko wa Furka, Grimsel na Susten kurudi Andermatt: kama kilomita 120, gari tupu, hakuna hoteli inayowasubiri upande wa pili. Furka ikifungwa na bado mnataka kwenda ng'ambo, treni hubeba magari kupitia pango toka Realp hadi Oberwald majira yote. Siku ya nane rudini Munich bila kilele chochote kirefu. Hoteli hizi tatu zichukue kwa masharti ya kughairi bure hadi siku moja kabla.

Vya kununua ni vichache. Maji ya kuoshea kioo yasiyoganda hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Maji ya bomba yakirushwa huko juu huganda kwenye kioo na kukupofusha. Kikwangua barafu, glavu, tochi, blanketi mbili, maji na vyakula vikavu, koti la kuakisi mwanga kwa kila mtu, na pembetatu. Tangi lisishuke chini ya nusu kabla ya kupanda. Upepo wa tairi upimeni asubuhi zikiwa baridi, kwa namba za mzigo kamili zilizo kwenye fremu ya mlango. Stika ya barabara kuu Austria inauzwa kwa muda mfupi; ya Uswisi ni ya mwaka mzima tu, faranga 40. Ramani za njia zote pakueni kwenye simu, mtandao hukatika. Mkikwama kwenye theluji na injini inawaka ili mpate joto, mmoja ashuke kila baada ya muda aondoe theluji kwenye ekzosi, la sivyo moshi wenye sumu utarudi ndani.

Jambo la mwisho lahitaji mtu wa kukaa naye ndani ya gari. Yule atakayeshika usukani zaidi achukue saa mbili na mwalimu wa udereva kabla ya safari, kwenye mteremko mrefu halisi, ajizoeze kushusha gea kwa mkono na kukanyaga kisha kuachia. Mkifika Prato, kabla ya kuanza kona ya kwanza, someni ubao wa taarifa ulio chini ya mlima na mwulize mwenye hoteli barabara ilikuwaje asubuhi ile. Akisita, nendeni Ofenpass.